Chupa Iliyokuvua Ngoma

Baba mpendwa,

Ningependa kukuandikia barua hii kwa siri, niikunje, niende nayo Vihiga niiweke juu ya kaburi lako, yaishe kati yetu wawili. Lakini kosa langu halikukupata kwa siri. Lilikupata barabarani, Jumapili mchana, umevaa kanzu yako nyeupe, mbele ya kanisa zima na wauza mboga na watoto wa mtaa wetu wa Mbotela, Nairobi. Kwa hiyo nimeamua kuiandika wazi, aisome anayetaka. Wengi wanaijua habari ile upande mmoja tu. Upande wa pili ninao mimi, na nimeukalia kwa muda mrefu mno.

Nianze na ngoma, maana kila anayekukumbuka huanza na ngoma. Siku sita za wiki ulikuwa fundi wa mabehewa huko reli, mikono myeusi kwa grisi, na hakuna aliyekuangalia mara mbili. Jumapili ulivaa kanzu na kilemba, ukapitisha mkanda wa ngoma begani, na mtaa mzima ukakujua. Kanisa letu linaandamana, halikai. Bendera mbele, ngoma nyuma yake, kisha waimbaji, mwendo wa nusu kutembea na nusu kukimbia, kutoka Makongeni, kupitia Mbotela, mpaka Kaloleni na kurudi. Ulikuwa ukirudi nyumbani kanzu imelowa mgongoni, unacheka, unaitisha maji. Nikiwa mdogo nilikimbia kando yako nikiwa nimeshika pindo la kanzu, nikiwaambia watoto wengine kwamba yule ni baba yangu, kana kwamba hawakujua.

Halafu nikapata kazi ya ofisini, nikahamia Umoja, nikaanza kuona aibu. Si aibu hii niliyo nayo leo, ile ilikuwa ya kipuuzi. Nilikuwa nikija kuwatembelea Jumapili, nachelewa makusudi ili nikute maandamano yamekwisha na wewe umeshavua kanzu. Nadhani ulijua. Hukuwahi kuniuliza kwa nini kila mara nilipata shida ya usafiri siku ya Jumapili.

Ugonjwa wa sukari ulipokupata, uliupokea kama ulivyompokea kila msimamizi mpya kazini: ulisikiliza maagizo, ukayafuata. Nesi wa kliniki alikuambia kipande cha ugali kisizidi ngumi yako, mboga zijaze nusu ya sahani, dawa umeze pamoja na chakula, na utembee kila siku. Basi. Mama alikuwa akikutania mezani. "Ngumi ya mkono gani, baba? Ya kulia imevimba kwa nyundo." Nawe ungekunja ngumi, uiweke kando ya ugali, ufumbe jicho moja kama mtu anayepima ubao, kisha umpe Mama kinachozidi. Asubuhi ulitembea hadi soko la Burma na kurudi, hata mvua ikinyesha. Ukienda kliniki, nesi alikuwa akiwaonyesha wagonjwa wengine kadi yako.

Mimi nilikuwa na njia zangu. Baada ya kujifungua mtoto wa pili mwili ulikataa kurudi, na mtu mmoja ofisini akaniuliza kama natarajia wa tatu. Tangu siku hiyo nilijaribu kila kitu kilichopita kwenye simu yangu. Nilikunywa maji ya ndimu ya moto mpaka meno yakaanza kusisimka. Wiki mbili nilikula supu ya kabeji, nyumba ikanuka, mume wangu akawa anakula kwa jirani. Nikaacha wanga wote, nikawa nakula mayai na nyama mpaka nikashindwa kwenda haja, nikawa mkali kama pilipili. Nililipia jimu nikaenda mara tatu. Kila njia ilinipunguza kidogo, nikapiga picha, nikaionyesha dunia nzima. Kilo zilipojirudia, mara nyingine zikiwa na marafiki zake, sikupiga picha.

Hii ya juisi niliipata kwa dada mmoja wa mtaa wa Pipeline, mwenye wafuasi wengi mtandaoni, kiuno chembamba na maneno matamu. Siku kumi za juisi ya kijani, bila kula chochote, na mwili unajisafisha wenyewe. Sukuma wiki, tango, tangawizi, ndimu, na nanasi la kuondoa uchungu. Nilimaliza siku kumi. Nguo zilinilegea, nikasifiwa, kichwa kikavimba. Wanawake wa kanisa letu tawi la Umoja wakaniomba niwafundishe kwenye semina yao ya afya, mwezi uliofuata. Nikakubali kabla hawajamaliza kuuliza.

Sasa Baba, nataka niseme kilichotokea Jumatano ile bila kukipaka rangi. Mama alikuwa amesafiri Vihiga kwa mazishi ya dada yake, angekaa wiki mbili. Niliingojea nafasi hiyo, maana nilijua Mama angeniuliza maswali. Nilikuja jioni na chupa kumi za lita moja, zote zimejaa, nikazipanga sakafuni kando ya jiko. Ulifurahi. Si kwa sababu ya chupa, ulifurahi kwa sababu nilikuja siku ambayo si ya sikukuu.

"Hii ni nini, mama?" uliniuliza. Uliniita mama tangu nilipozaliwa, kwa kuwa nina jina la mama yako.

"Ni juisi, Baba. Siku kumi tu, chupa moja kila siku. Inasafisha mwili. Hiyo sukari itaisha kabisa."

"Na ugali?"

"Hakuna ugali."

"Hata ile ngumi yangu?"

"Hata kidole."

Ulicheka kwanza. Kisha ukaacha kucheka, ukaniuliza, "Nesi anajua?"

"Manesi wanafundishwa mambo ya zamani, Baba."

"Na dawa je?"

"Dawa endelea tu."

Nilijibu hivyo hivyo, mara moja, huku nikifuta chupa kwa kitambaa. Sikusita hata kidogo. Dawa inayoshusha sukari, ndani ya tumbo la mtu ambaye nimemkataza kula. Mtoto wa darasa la sita angeweza kuona hatari ile kama angekaa chini akafikiri. Mimi sikukaa chini, nilikuwa nawahi kurudi Umoja.

Ukazitazama zile chupa, ukanitazama mimi. "Wewe ndiye umesoma," ukasema. "Haya."

Nikakuambia uziweke kwenye karai la maji zisiharibike. Hapo ndipo aibu inanizidi, Baba, hata kuliko kwenye dawa. Nililelewa katika nyumba ile ya chumba kimoja na jiko. Naujua kila msumari wa mlango wake. Maziwa yetu yalichemshwa asubuhi yakachemshwa tena jioni, kwa kuwa hatukuwa na friji, na hamkuwahi kuwa nayo. Nilikaa Umoja miaka michache tu, nikifungua friji yangu kila saa, nikasahau jinsi wazazi wangu wanavyoishi. Chupa kumi za nanasi na tangawizi, kando ya jiko, katika joto lile la Februari.

Ulianza Alhamisi. Ulimeza dawa zako asubuhi na jioni kama kawaida, ukanywa juisi, hukula kitu. Mama Brayo, yule anayeuza nyanya pale kona, aliniambia baadaye kwamba Ijumaa alikuletea sahani ya githeri, mahindi na maharagwe, ukamrudishia, ukamwambia una mpango. Jumamosi ulienda Burma kama desturi, ukarudi umeshika ukuta. Nilikupigia simu jioni. Ukasema, "Kichwa chepesi kidogo, mama, lakini niko sawa." Nikakujibu kwamba hiyo ni sumu inatoka mwilini. Ndivyo nilivyofundishwa kusema.

Jumapili ulijifunga ngoma ukaenda. Chupa ya siku ya nne uliibeba ndani ya mfuko wa kitambaa, chini ya kanzu, ili usikose zamu yako. Sikuwepo. Nayasimulia haya kama nilivyoyasikia kwa watu watatu tofauti, na wote walisema vilevile. Mlipofika Mbotela mdundo wako ulianza kuyumba. Waimbaji wakatazamana, maana miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kukusikia ukipoteza hatua. Jasho likakutiririka. Mzee Asava, kiongozi wa kanisa na rafiki yako tangu mkiwa vijana, akaja akakuambia umpe ngoma upumzike. Ukamsukuma kifuani. Wewe, ambaye hata mbwa hukuwahi kumpigia kelele. Ukasema maneno yasiyoeleweka, ulimi mzito, ukaketi barabarani kando ya nyanya za Mama Brayo, miguu umeinyoosha kama mtoto.

Vijana waliokuwa wamekaa ukutani wakapasuka kwa kicheko, wakidhani umelewa. "Cheki buda wa ngoma! Amechapa leo! Kumbe hata watu wa kanzu hukanyaga!"

Na ile chupa ikateleza kutoka kwenye mfuko, ikabingirika mpaka miguuni mwa Mzee Asava. Akaiokota. Akafungua kifuniko. Ilifoka povu mpaka kwenye mikono ya kanzu yake, na harufu iliyotoka, wote waliokuwa karibu waliijua, maana wengi wametoka vijiji ambako pombe hupikwa. Joto lilikuwa limeichachusha. Wewe hukuijua ladha hiyo kwa sababu hujawahi kuonja pombe maishani mwako, na mimi nilikuwa nimekuambia itakuwa chungu kidogo, uvumilie.

Mama Brayo peke yake ndiye hakusimama kutazama. Alikufungulia soda akakunywesha, akisema hata mlevi ni mtu. Baada ya dakika chache ukarudiwa na akili. Ukasimama, ukajipangusa vumbi, ukanyoosha mkono uichukue ngoma yako. Mzee Asava alikuwa ameshaishika, na hakukupa.

Mama Brayo alinipigia simu. Nilipofika ulikuwa umeketi kwenye kitanda, kanzu imekunjwa pembeni, unatazama mikono yako. Nikaenda moja kwa moja jikoni. Chupa sita zilizobaki zilikuwa zimevimba, vifuniko vimeinuka. Nikafungua moja ikanirukia usoni. Nikajua yote hapo hapo, ile ya dawa na ile ya friji, yote kwa pamoja.

Mtu mwenye haya angezibeba zile chupa akazipeleka kwa Mzee Asava. Angesema, tazameni, nilizitengeneza mimi, baba yangu hana kosa. Kanisa lilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Mimi nilizibeba mpaka kwenye mtaro nyuma ya nyumba, nikazimwaga moja baada ya nyingine, nikazisuuza, nikazitia kwenye mkoba wangu. Niliporudi ndani hukuniuliza nilikuwa nafanya nini.

"Umezimwaga zote?"

"Zote, Baba."

"Haya."

Hiyo "haya" yako niliichukua kama ruhusa. Niliishi nayo kama mtu aliyepewa ruhusa.

Kesho yake nikakupeleka kliniki. Nesi wako alipima, akauliza, akasikia umeshinda siku nne kwa juisi huku ukimeza dawa, akaweka kalamu chini. "Mzee, wewe! Sukari ilishuka. Ungelala usiamke. Nani alikushauri hivi?"

Nilikuwa nimekaa kando yako, mkoba wangu magotini. Ulikohoa kidogo, ukasema, "Nilikubali mwenyewe." Hukumdanganya, wala hukunitaja. Nami nikatazama bango ukutani linaloonyesha sahani ya chakula, nusu mboga, robo ugali, robo maharagwe, nikalisoma kana kwamba sijawahi kuona sahani.

Wazee wa kanisa walipokuita, uliwajibu vivyo hivyo. Ni yako chupa? Ni yangu. Ilikuwa na nini? Matunda. Ulinunua wapi? Kimya. Mama aliporudi kutoka Vihiga alienda kuwakabili peke yake, kitambaa kichwani kimelegea kwa hasira, akawaambia ni sukari, si pombe. Wakamjibu kwamba sukari wanaielewa, ila chupa hawaielewi. Ukavuliwa ngoma miezi mitatu. Ukawa unaandamana nyuma kabisa, pamoja na kina nyanya na watoto wanaobebwa.

Na mimi nilienda kwenye semina yangu. Ulikuja, Baba. Sikukualika, Mama ndiye aliyekuambia. Ulikaa mstari wa mwisho, kofia magotini, ukinisikiliza nikiwafundisha wanawake wa Umoja juu ya juisi ya siku kumi. Mmoja akauliza kama inafaa mtu mwenye sukari. Nikasema, "Inafaa sana. Hata baba yangu ameitumia, ameona matokeo." Nilikuona ukiinamisha kichwa. Nilipomaliza, watu walipiga makofi, na wewe ukapiga. Nimejaribu kujiambia kwamba ulipiga makofi kwa sababu hukusikia vizuri kutoka huko nyuma, lakini masikio yako yalikuwa mazima kuliko yangu.

Kilo zangu zilirudi kabla ya Pasaka. Wewe uliendelea na ngumi yako ya ugali na safari yako ya Burma. Mara nyingi ulinipigia simu uniambie nije tutembee pamoja, nami mara nyingi nilijibu kwamba nitaanza Jumatatu. Nilikuja mara moja tu, Jumamosi moja nilipokuwa likizoni. Sikuweza kwenda na mwendo wako. Nilihema mpaka nikaona nyota, na nikagundua kwamba unasimama kila baada ya hatua chache kumsalimia mtu, hata watu usiowajua, ili nipate kupumua bila kuaibika. Tulipofika sokoni ukaniambia, "Mwili hautaki mambo ya ghafla, mama. Hata behewa ukilivuta ghafla mnyororo unakatika. Vuta polepole, lakini vuta kila siku."

Nilitaka kukuambia hapo. Nilikuwa na maneno yote mdomoni: Baba, twende kwa Mzee Asava sasa hivi. Nikafungua mdomo nikamuuliza mwanamke mmoja bei ya avokado. Ukanisubiri nichague, ukanibebea mfuko.

Ulikufa kwa homa ya mapafu, ndani ya juma moja, miaka miwili baada ya Jumapili ile. Daktari alituambia sukari yako ilikuwa nzuri mpaka mwisho. Tulikupeleka Vihiga. Kanisa lilikuja kwa wingi, kanzu nyeupe kilima kizima, waliimba mpaka sauti zikakauka, lakini hakuna aliyepiga ngoma. Nilimchukia Mzee Asava siku ile. Nilisimama nimemshika Mama mkono, nikiwaza kwamba watu hawa wana roho gani, wanamwadhibu hata maiti. Nilidhani wamekunyima. Niliweza kumchukia mtu mwingine kando ya kaburi lako, Baba, ndiyo ujue nilikuwa nimefika wapi.

Sasa nakuja kwa la mwezi uliopita. Mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye semina alinipigia simu. Alisema, "Mama Shiro, nisaidie tena na yale maelekezo ya juisi. Mama mkwe wangu amepatikana na sukari, na nilikumbuka vile ilisaidia baba yako." Nilikuwa nimesimama jikoni. Nikaketi sakafuni na simu sikioni. Nikamwambia asimpe. Akasema ameshanunua mananasi. Nikapiga kelele, "Usimpe! Ilimwangusha baba yangu barabarani!" Kisha akaniuliza taratibu, "Si ulituambia..." Nikamwambia ndiyo, niliwaambia, nilidanganya. Nikamwambia ampeleke mama mkwe kliniki, awasikilize manesi, amkatie ugali kwa ngumi yake, na watembee pamoja jioni. Akauliza, "Ni hayo tu?" Hata mimi niliwahi kuyaona madogo hivyo.

Baada ya kumwambia mgeni ukweli, sikuweza tena kuwaficha watu wako. Unajua desturi ya kanisa letu: kabla ya kuingia, mwenye neno moyoni husimama mlangoni alitoe mbele ya wote. Ulisimama kwenye mlango ule miaka mingi ukiwapokea watu. Jumapili iliyofuata nilienda Makongeni, nimevaa kitambaa cha kuazima kwa Mama. Nilikuwa nimemwambia yeye kwanza, jioni ya Jumamosi. Hakulia wala hakunigombeza. Aliendelea kuchambua mboga mpaka zikaisha, kisha akasema, "Nenda ukaseme pale walipomvulia." Hajaniita jina tangu siku hiyo. Naweza kumvumilia.

Nilisema yote, Baba. Nanasi, dawa, karai, mtaro, semina. Niliwaangalia kina mama niliowafundisha, wengine walikuwa wamekuja kutoka Umoja, nikawaambia kila nilichowapa wakitupe, na kwamba aliyekuwa na afya katika familia yetu ni mtu mmoja tu, na hakuwahi kufanya semina. Hakuna aliyenizomea. Afadhali wangenizomea.

Mzee Asava amezeeka, anatembea na fimbo sasa. Alikuja akasimama karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alimsikia.

"Kumbe ni wewe."

Nikamwambia ni mimi.

"Miezi mitatu ilipoisha tulimwita," akasema. "Tukamwambia, mzee, adhabu imekwisha, chukua ngoma yako. Akakataa. Alisema akiichukua hivyo atakuwa amekubali kwamba alilewa. Akasema yuko mtu anayejua ukweli, na siku huyo mtu atakuja kuusema hapa mlangoni, ataifunga ngoma siku hiyo hiyo. Tukamuuliza ni nani. Akasema, atakuja mwenyewe, tusimharakishe. Ndiyo maana hata kule Vihiga hatukuipiga." Akanyoosha fimbo kuelekea barabarani. "Tulikuwa tukichelewa kuondoka kwa ajili yake, binti. Kila Jumapili bendera ikiinuliwa, baba yako alikuwa anatuambia, ngojeni kidogo. Anasimama pale nje, anaangalia upande wa Jogoo Road, njia ya kutoka kwako Umoja."

Miaka miwili, Baba. Nimezihesabu Jumapili hizo, nikaacha, sikuweza kufika mwisho. Nilikuwa Umoja. Nilikuwa nimelala, au napima kiuno changu kwa utepe, au nasoma simu. Si mbali. Hata kwa miguu ningefika, kwa ule mwendo wako wa polepole.

Sikuombi unisamehe, kwa sababu nadhani ulinisamehe siku ile ile kliniki, na hilo ndilo linalonichoma. Nataka tu ujue kwamba nilikuja. Nilichelewa mno, lakini nilikuja, nikasimama mlangoni nikasema. Mtu uliyekuwa unamtazamia barabarani alifika, Baba, akakuta hupo.

Pumzika huko kilimani. Hapa sasa wote wanajua hukulewa.

Ni mimi, binti yako wa kwanza, mwenye jina la mama yako.